Waraka kwa wanachama: Wasiosema katika miswada yetu

Ndugu wanachama,

Nawaandikia baada ya kuisoma miswada yote 14 mliyoileta kwa ajili ya mkusanyiko wetu wa hadithi. Nimeisoma mara mbili. Lugha imetulia, visa vinashika, na wahariri hawatakuwa na kazi kubwa ya kunyoosha sarufi. Lililonikosesha usingizi ni jambo jingine. Katika hadithi tisa kati ya hizo yupo mtu ambaye tunaye tangu mwanzo hadi mwisho wala hasemi neno. Anapika, anabeba, anafagia, anazikwa. Nilipotafuta sababu ya yeye kutosema, niliona mara nyingi kuwa mwandishi mwenyewe hakujua kwamba amemziba mdomo.

Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili, na tusiyachanganye. Kunyamaza ni tendo la mtu mwenye ulimi wake. Kunyamazishwa ni tendo la mwingine juu yake. Stara ni kimya cha kumhifadhi mtu asiaibike. Kunga ni kimya cha wanaojua, wakimngojea asiyejua mpaka wakati wake ufike. Na fumbo ni kusema huku midomo imefumbwa. Ile methali ya kimya kingi kuwa na mshindo mkuu tunaitoa upesi mno, kana kwamba kila kimya kitakuja kulia chenyewe siku moja. Vipo visivyolia. Vinazikwa pamoja na wenyewe.

Mchukueni Shaaban Robert. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na yeye alikuwa ameitumikia serikali yao kwa miaka mingi. Nchi anayoisimulia akaiweka angani, mahali ambapo hakuna bwana shauri angeweza kusimama akadai kuwa boma lile ni lake. Mtawala wa kweli hatajwi, na kule kutotajwa ndiko kulikowafumbua macho wasomaji. Tena tazameni alivyofanya ndani ya kitabu. Karama anaposhitakiwa, nafasi yake ya kujitetea anaitumia kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakaishia gerezani. Wenyewe wamefungwa, hawawezi kujisemea. Karama anawataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, huku shingo yake mwenyewe iko hatarini. Hapo yako matumizi mawili ya kimya kwa pamoja: mwandishi anafumba kinywa chake makusudi, ili apate kuwafungulia wengine vinywa vyao. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoiita ufundi.

Kisa cha Abdilatif Abdalla mnakijua. Mwaka 1968 alitoa kijikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikachapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Tunapenda kukisimulia kisa hiki kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini kila nikikisikia huwawazia wale ambao hawakupata hata karatasi ya chooni, au waliipata ikakutwa na mlinzi. Hatuna hesabu yao, na maktaba zetu haziachi rafu tupu kuonyesha mahali ambapo vitabu vyao vingekaa.

Adam Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani Zanzibar baada ya Mzee Karume kuuawa mwezi Aprili 1972. Riwaya yake Haini, iliyotokana na mambo hayo, ilitoka mwaka 2003. Ni miaka 31. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa keshaoa na kuzaa kabla ya kupata riwaya ya Kiswahili ya kumweleza kwa nini wazee wa mtaani kwao walikuwa wakibadilisha mazungumzo kila anapoingia sebuleni. Simlaumu mwandishi hata kidogo. Nasema tu kwamba kimya kina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mtu ambaye hakuwapo.

Na Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alituonyesha nyumba ya Ukerewe ambamo baba anajua kupiga na hajui kuzungumza na binti yake. Rosa anatoka humo kwenda shule akiwa hajui lolote kuhusu wanaume ila woga, na mwisho wake tunaujua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Hadithi ya madhara ya kutosema na mabinti ikaondolewa mbele ya mabinti.

Lakini kimya kinachonisumbua kuliko vyote ni cha utumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ametuachia maisha yake kwa Kiswahili, katika moja ya tawasifu za mwanzo kabisa za lugha hii, iliyochapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Inasomeka vizuri mno. Pembe za ndovu zinahesabiwa kwa frasila, waliomkopesha mali wanatajwa, safari zinafuatana kituo kwa kituo. Watu waliotekwa wanapita humo bila kuulizwa neno. Hakulazimika kusema uongo ili iwe hivyo. Ilitosha kuhesabu kitu kimoja na kuacha kingine. Mwaka 1934 James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akatoa Uhuru wa Watumwa. Kitabu kinamsifu sana Mwingereza, na kwa sababu hiyo wapo wanaokipita haraka. Naona tunakosea. Anayeandika akiwa chini ya fadhila ya mwingine lazima atanyamaza mahali, na msomaji anapaswa kuwa na subira ya kupatafuta.

Nami nina deni langu. Bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, niliwahi kumwuliza mama yake alitokea wapi. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele. Hakujibu. Nikauliza tena, akasema, "Mjukuu wangu, hayo hayaulizwi." Miaka ikapita, nikaiandika hadithi, na humo nikampa yule mama yake hotuba ya ukurasa mmoja na nusu, ya kishujaa, akiwalaani waliomnunua. Watu waliipenda sana. Leo naona nilimnyamazisha mara ya pili. Mdomo ulikuwa wake, lakini maneno nilikuwa nimeyaokota shuleni. Jambo la kweli nililoliona kwa macho yangu sikuliandika: vidole vya bibi vilisimama kidogo juu ya mchele, halafu vikaendelea kutoa chuya.

Kwa hiyo nawasihi mrudi kwenye miswada yenu na kumtafuta mtu huyo. Katika hadithi ya harusi, msichana wa kazi anaitwa "dada" kwa kurasa 22, na hata bwana harusi hamjui jina. Mwandishi wake ajiulize: je, kutojulikana huko ndiko anakotaka tukuone, au naye hakumwuliza? Katika ile ya msiba, mjane anakaa eda, na hadithi nzima inazunguka urithi. Tunasikia kila mjomba. Kama mjane ananyamaza kwa stara, tuione stara yake inamgharimu nini. Kama anaogopa, tumwone anayemwogopa ameketi wapi. Msikimbilie kumpa hotuba. Wakati mwingine mkono uliosita kwenye kikombe unatosha, ilimradi mwandishi ameusitisha kwa kujua.

Wawili kati yenu mmeniambia faraghani kwamba mnahofia jamaa zenu watajitambua. Hofu hiyo siidharau. Mtu ana ndugu, ana mtaa, ana mazishi ya kuhudhuria. Badilisheni mji, badilisheni kazi ya baba, pelekeni kisa angani kama Shaaban Robert. Fumbo ni urithi wetu na limebeba mambo mazito kuliko hayo. Ninachowaomba msifanye ni kuikata sura ile na kuunganisha kurasa kana kwamba hapakuwa na kitu.

Miswada irudi kwangu kabla ya kikao cha mwezi ujao. Nitaleta na yangu ya Pangani. Ile hotuba nimeifuta, na mahali pake sasa pana ungo, mchele, na mwanamke mzee anayechambua.

Wenu katika kazi hii,
Katibu