Abiria wa meli za anasa wasome mkataba kabla ya kulipa

Safari za anasa baharini zimeacha kuwa hadithi ya wageni peke yao. Januari 2025 meli ya kitalii iitwayo Norwegian Dawn ilifika katika Bandari ya Mombasa ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, na picha zake zikaenea hadi huku bara, ambako wengi wetu huiona bahari kwa nadra. Mawakala wa usafiri nao hawakulala. Hapa Kitengela, na hata Kajiado mjini, walimu na watumishi wengine wa mshahara wanahimizwa waweke fedha kila mwezi, au wachukue mkopo katika vyama vyao vya akiba, ili wasafiri kwa ndege hadi Ulaya na huko waingie melini kwa juma zima la starehe katika Bahari ya Mediterania.

Sina ugomvi na starehe. Mwalimu aliyeshika chaki kwa miaka 30 ana haki ya kuiona dunia kama mtu mwingine yeyote. Linalonitia wasiwasi, nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza lugha, ni kwamba wengi wanatoa fedha zao kabla ya kusoma karatasi wanazotia saini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tiketi ya meli ni mkataba kamili wa kisheria, na kwamba asiyeusoma huenda akapoteza haki zake kabla hajaiona bahari.

Majuzi walimu watatu wa shule moja ya hapa Kitengela waliniletea karatasi walizopewa na wakala wao. "Daktari, hebu tutazamie hizi kabla hatujalipa," walisema. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya rangi, yenye picha za bwawa la kuogelea na meza zilizojaa vyakula, na bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa. Hiyo walikuwa wameisoma wote. Zilizofuata zilikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Hizo hakuna aliyezisoma.

Nilizisoma kama nisomavyo matini yoyote, nikitazama ni nani anayetenda na kwa kitenzi gani. Kila mahali ambapo abiria ndiye kiima cha sentensi, kitenzi kilikuwa cha wajibu: lazima alipe, lazima afike, lazima awe na hati. Kila mahali ambapo kampuni ndiyo kiima, kitenzi kilikuwa cha hiari: inaweza kubadilisha njia, inaweza kuiacha bandari iliyotangazwa, inaweza kuongeza malipo ya mafuta. Palipokuwa na madhara, mtendaji alitoweka kabisa na sentensi ikawa ya kutendwa: mizigo ikipotea, safari ikikatizwa. Haya si makosa ya uandishi. Ni lugha iliyopangwa kwa makini na watu wanaojua thamani ya kila neno.

Je, maandishi hayo madogo yana nguvu mahakamani? Yana nguvu kubwa. Mwaka wa 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu kampuni ya Carnival Cruise Lines. Mume na mke kutoka jimbo la Washington walinunua tiketi kwa wakala wa kwao, wakapanda meli Los Angeles, na mke akateleza na kuumia ilipokuwa karibu na Mexico. Walipofungua mashtaka katika jimbo lao, kampuni iliwaonyesha sharti lililochapishwa kwenye tiketi: kesi zote zisikizwe Florida, upande wa pili wa nchi. Mahakama ilikubaliana na kampuni. Ikiwa Mmarekani alifungwa na sharti hilo katika nchi yake na kwa lugha yake, mwalimu wa Kajiado aliyetia saini mkataba unaotaja mahakama za ng'ambo atakwenda kulalamika wapi?

Katika kaunti hii hatupaswi kufundishwa na wageni athari za maandishi yaliyotiwa saini bila kueleweka. Mikataba ya 1904 na 1911, ambayo kwayo Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, iliandikwa kwa Kiingereza, na wazee wakaweka alama zao chini yake. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913 kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa kati ya mataifa mawili, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Siusawazishi unyang'anyi wa ardhi na safari ya starehe. Ninachosema ni kwamba aliyeandika karatasi ndiye aliyejua ilichosema, na waliobaki walikuja kuijua maana yake walipokuwa wamekwisha hamishwa.

Ajabu ni kwamba katika jambo la ardhi sisi wakazi wa Kitengela tumeerevuka. Hakuna mwalimu wa siku hizi atakayenunua ploti kwa kutazama picha ya lango lake. Atakwenda kwenye ofisi ya ardhi kuhakikisha jina la mwenye hati, atauliza majirani, atamtafuta wakili. Mtu yuyo huyo atatoa mamia ya maelfu ya shilingi kwa safari ya meli kwa sababu tu wakala ana ofisi yenye zulia. Kwa hiyo ninawaomba walimu wenzangu na wanafunzi wanaoota safari hizo wafanye upekuzi ule ule katika mambo haya matano.

Kwanza ni bei. Ile inayotangazwa aghalabu ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Anayelala peke yake huenda akatozwa karibu maradufu. Nauli ya ndege hadi bandari ya kuanzia mara nyingi haimo. Kodi za bandari, vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu huweza kuwa nje ya hesabu. Fauka ya hayo, kampuni nyingi humtoza kila abiria bahashishi ya wahudumu kwa siku. Tuseme ni dola 16: kwa siku saba na watu wawili, hizo ni dola 224 ambazo hazikuonekana kwenye karatasi ya rangi. Mwambie wakala aandike jumla ya gharama zote, pamoja na kiasi utakachorudishiwa ukiahirisha. Kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo sehemu isiyorudishwa inavyozidi, hadi kufikia fedha zote.

Pili ni nani anayepokea fedha. Mawakala wa usafiri nchini wanapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011. Iulize Mamlaka hiyo juu ya wakala wako. Ukishalipa fedha za kwanza, dai nambari ya nafasi yako iliyotolewa na kampuni ya meli yenyewe, kisha uiandikie kampuni moja kwa moja kuuliza kama jina lako limo. Huo ndio upekuzi wa hati miliki kwa upande wa safari.

Tatu ni viza, na hapa ndipo Mkenya anapoumia kuliko abiria wengine. Mzungu anayesoma tangazo lile lile haoni mipaka, sisi tunaiona. Meli inaweza kuanzia Barcelona, ipite Marseille na Genoa, iende Tunis, kisha irudi Barcelona. Bandari zote hizo zimo katika eneo la Schengen isipokuwa Tunis. Abiria mwenye viza ya kuingia mara moja ataitumia anapofika Barcelona. Meli ikishakwenda Tunisia ametoka, na hana ruhusa ya kurudi. Anahitaji viza ya kuingia mara nyingi, na atimize pia masharti ya nchi nyingine zote zilizomo njiani, hata kama hakusudii kushuka. Asiye na hati huzuiwa gatini, na mkataba aliotia saini unasema kwamba hati ni jukumu lake peke yake. Mmoja wa wale walimu watatu alikuwa ameambiwa na wakala kwamba viza yoyote ya Ulaya inatosha. Kwa njia ile waliyopangiwa, isingetosha.

Nne ni bima. Anayeomba viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na wengi hudhani wamemaliza. Lakini sharti hilo linahusu eneo la Schengen tu. Matibabu ya melini hulipiwa, na kumtoa mgonjwa baharini kwa helikopta ni gharama inayoweza kumeza mshahara wa miaka. Hakikisha bima yako inataja bandari zote, matibabu ya melini na kusafirishwa kwa dharura. Tusisahau pia Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa Korona. Uliza bima inasema nini juu ya karantini.

Tano, lililo kubwa kuliko yote, ni usalama na saa. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, wakafa 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni hiyo hiyo na hawakuwa wamefanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu 1 Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Usilikimbie zoezi hilo ili uwahi chakula. Jifunze mahali pa kukusanyikia, jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, na mlio wa hatari: mifupi saba au zaidi, ikifuatwa na mmoja mrefu. Sisi tuliowapoteza watu 272 katika feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 hatuna sababu ya kuyadharau maji.

Kuhusu saa, kumbuka kwamba saa ya meli huenda ikatofautiana na ya mji uliposhukia. Machi 2024 ile ile Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé kwa kuwa walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia nje ya yale ya meli, na ikawabidi kupita nchi kadhaa wakiifuata hadi Senegal. Anayejipangia matembezi na arudi mapema, na pasipoti yake au nakala yake awe nayo.

Watakuwepo watakaouliza: mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza kila siku anahitaji kutafsiriwa nini? Hoja hii inachanganya mambo mawili. Kuijua lugha si kuijua rejista ya sheria. Maneno ni yale yale, lakini maana zake zimewekwa na mahakama, wala hazimo katika kamusi ya darasani. Tena mwalimu hasafiri peke yake. Atampeleka mama yake mzee, ambaye katika zoezi la dharura atasikia sauti katika kipaza sauti asielewe hata neno moja.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Habari iliyotolewa kwa namna isiyoeleweka haijatolewa. Napendekeza basi kwamba kila wakala anayeuza safari za meli nchini alazimishwe kumpa mnunuzi muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ukitaja jumla ya gharama, masharti ya kurudishiwa fedha, viza zinazohitajika, na mahakama itakayosikiza malalamiko. Watafsiri wa kuufanya tunao. Vyuo vikuu vyetu vinawatoa kila mwaka.

Kabla sheria haijafika huko, kazi ni yetu walimu. Somo la ufahamu limezoea hadithi za sungura na fisi. Tuingize darasani tiketi, mkataba wa nyumba, fomu ya mkopo na masharti ya bima, tuwaulize wanafunzi: nani anatenda hapa, nani ametoweka, na ni neno gani linalomfunga msomaji? Mwanafunzi anayeweza kujibu hayo ataisoma karatasi yoyote atakayowekewa mezani maishani mwake. Na wale walimu wanaojiandaa kwa safari ya Desemba, nawatakia bahari shwari. Ila wasome kurasa zote kumi na moja kabla ya kulipa, maana wahenga walisema majuto ni mjukuu.