Ukimpaka rangi nyoka wa Syokimau, jina lako liwe pale

Kijana wa Machakos, kama uko na simu na bando kidogo, leo unaweza kuanza kuchora na kupaka rangi zimwi, joka au kiumbe chochote unachokiota usiku. Krita ni ya bure kwenye kompyuta. Ibis Paint X iko na toleo la bure kwenye simu. Procreate inataka iPad na pesa, kwa hivyo iweke kando kwanza. Kifaa si kisingizio tena. Swali ni hili: ukishajua, kazi itakuwa ya nani?

Kwanza ufundi. Wengi hukimbilia rangi kali, na mchoro unabaki bapa kama stika ya matatu. Anza na kijivu. Amua mwanga unatoka wapi, halafu weka giza upande wa pili. Mistari ikae kwenye leya yake, rangi ya msingi leya nyingine, vivuli ya tatu, ndiyo ukikosea kimoja usiharibu vyote. Kiumbe akisimama kwenye udongo mwekundu, tumbo lake pia hupata wekundu kidogo. Usipouweka, ataonekana amebandikwa tu. Na rangi ziko nje bure: mwangalie yule mjusi dume anayeota jua kwenye mawe, kichwa cha chungwa, mwili wa buluu.

Sasa utachora nani? Joka la Ulaya lenye mabawa, akili unde italitema kwa sekunde chache, maana imelishwa picha kama hizo kwa mamilioni. Hapo huwezi kushindana kwa kasi. Lakini sisi tuko na Syokimau, nabii wa Wakamba, anayesimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini huku akitoa moshi. Reli ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Leo stesheni kuu ya SGR iko Syokimau. Nyoka huyo alikuwa na magamba ya rangi gani? Hakuna jibu rasmi. Lako litakuwa lako.

Na soko la hadithi kama hizi si ndoto. Mwaka wa 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za vibonzo kutoka Afrika. Mojawapo, Enkai, iliongozwa na Mkenya Ng'endo Mukii. Serikali nayo ishanusa pesa: Sheria ya Fedha ya 2023 inakata asilimia 5 ya mapato ya maudhui ya kidijitali, sanaa ikiwemo.

Hapo ndipo Wamunyu inatufundisha kitu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alirudi huko kutoka Tanganyika akiwa na ufundi wa kuchonga. Ufundi ukaenea, vinyago vya Wakamba vikauzwa kwa watalii na kuvuka bahari. Lakini geuza twiga wa mbao dukani uangalie chini. Ni nadra sana kupata jina la aliyemchonga. Ujuzi ulikuwa wetu, ila bei na jina vilibaki kwa wenye maduka.

Kidijitali mambo yanaweza kuwa yaleyale, tena haraka zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda mchoro wako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Lakini sheria hiyohiyo inasema kazi uliyoagizwa na mtu, haki zake zinahamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Soma hiyo tena. Mteja akikulipa elfu tatu kwa joka moja bila maandishi yoyote, anaweza kulitia kwenye fulana, mchezo wa simu na katuni, na wewe usipate hata ndururu.

Kwa hivyo ukijifunza leya, jifunze na mkataba. Andika hata kwa WhatsApp: nakuuzia matumizi haya, haki nabaki nazo. Weka sahihi kwenye mchoro. Hifadhi faili lenye leya zote, hilo ndilo ushahidi kwamba mkono ulikuwa wako. Kiumbe unachokithamini sana, kisajili KECOBO kabla hujakirusha mitandaoni.