Kipaji Huanzia kwa Mwalimu

Aghalabu watu wanapozungumza juu ya kipaji, humsawiri mtu mmoja aliyejitenga faraghani, akishukiwa na fikira mpya pasipo mwalimu wala sharti. Na dhana hii imetuaminisha kwamba ubunifu ni hidaya ya wachache, na kwamba makao yake ni miji mikubwa yenye maabara na mitambo. Mimi naiona ni dhana yenye madhara, na hoja ya kuikanusha naipata Kehancha, mji wa kaunti ya Migori nchini Kenya.

Huko kwa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania, iko ala ya litungu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, lenye nyuzi nane na sauti nzito yenye kuunguruma. Jirani zao Wajaluo wana nyatiti, nao Wagusii wana obokano, na hizo pia ni za nyuzi nane. Hesabu ni moja, lakini ni nani aliyewahi kuisikia litungu akaidhania nyatiti? Kila kaumu imeshika umbo lile lile, ikalipa ukubwa wake, unene wake wa sauti na lugha yake. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye mti wa ala anayoipiga, hata mtu mmoja akawa mpiga nyuzi, mshika mapigo na mwimbaji kwa wakati mmoja. Yule aliyebuni jambo hilo hatulijui jina lake, lakini naamini hakulibuni kabla ya kuzijua nyuzi zenyewe barabara.

Mwanamuziki Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, aliichukua nyatiti hiyo hiyo akaipeleka Ulaya, na mwaka 1993 ikatoka sahani yake ya muziki, En Mana Kuoyo, iliyosikilizwa na watu wasiojua neno moja la Kijaluo. Upya wake ulisimama juu ya ukale.

Wala si muziki peke yake: katika kaunti hiyo hiyo ya Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni mawe yaliyopangwa pasi na udongo wala chokaa, nayo yamesimama kwa karne kadhaa. Waliozijenga walikuwa na elimu, ijapokuwa hawakuiandika.

Watakuwapo wa kusema kwamba mapokeo huifunga akili. Naam, huifunga pale mwalimu anapokataza kuulizwa. Lakini mtoto asiye na la kulipokea, hana la kuligeuza.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019, umeuhesabu ubunifu miongoni mwa umilisi wa msingi, na jambo hilo nalishukuru. Basi serikali ya kaunti na iwaajiri mafundi wa litungu waingie madarasani Kehancha kwa ujira wa haki, wala wasiitwe siku za kupokea wageni peke yake. Mtoto achonge, awambe, ajifunze kukaza nyuzi mpaka sikio lake likubali. Na mtihani wake usiwe wa karatasi: aketi mbele ya wazee wanaoijua ala, apige kwanza wimbo alioukuta, kisha apige alioutunga mwenyewe, nao wamwambie pale pale palipokaa sawa na palipopotoka, ili arudi akautengeneze.