Kijani Haina Makosa, Makosa Ni ya Simu Yako

Kila nikisema kijani ndiyo rangi ya sebule, lazima mtu aniambie, "Zii, hiyo ni ya hosi." Kisha huyo huyo anaenda kupaka nyumba yake kijivu. Kijivu! Umelipa fundi apige plasta, halafu umelipa fundi mwingine arudishe ukuta ufanane na plasta. Keja kutoka Kasarani hadi Kitengela zinakaa kama maegesho ya magari, na sisi tunaambiana ati imetulia.

Leo wacha tugombane kidogo.

Kwanza nikubali jambo moja. Mnaosema kijani ni ya hosi hamjakosea kabisa. Ilipelekwa huko kwa sababu. Mwaka wa 1914, daktari mpasuaji mmoja wa San Francisco, Marekani, anayeitwa Harry Sherman, alichoshwa na chumba cha upasuaji cheupe pepe kilichomuumiza macho. Akataka kijani ya mchicha, ili jicho lipumzike likitoka kutazama damu. Wazo zuri sana, kwa chumba cha kupasulia watu. Lakini kijani ambazo wengi wetu tulikutana nazo shuleni na zahanati ni zile baridi, zimeegemea upande wa samawati, zimepakwa rangi ya mafuta inayong'aa kutoka sakafuni hadi kifuani ndiyo zipanguswe haraka. Juu yake, zile taa ndefu nyeupe. Ukikua hivyo, utaogopa kijani maisha yako yote. Sikulaumu. Ila hiyo ni kijani moja tu, na umeikataa familia nzima kwa sababu ya mmoja.

Mimi natetea ile yenye joto na iliyotulia. Kama umewahi kupita barabara ya Naivasha kwenda Nakuru, umeiona: ni jani la leleshwa, kijani iliyochanganyika na kijivu, haipigi kelele hata jua likiwa kali. Iko kwa ndengu kavu kabla ya kuosha. Iko kwa mwarobaini ulioshika vumbi la Januari. Kwa kopo wanaipa jina la Kizungu la jani ambalo wengi wetu hatujawahi kupika nalo, ndiyo maana tunaona ni kitu ya wageni. Si ya wageni. Hata siri ya joto lake ni udongo. Mashine ya kuchanganya rangi ikitengeneza kijani ya aina hii, mara nyingi inatia matone ya manjano ya udongo na nyeusi. Hiyo manjano ni oksidi ya chuma, ndugu wa damu wa ile nyekundu tuliyosugua kwa sakafu za simiti tukiwa watoto. Huamini? Chukua rangi za mtoto wa shule, changanya manjano na nyeusi kidogo. Utapata kijani kabla hujafungua chupa ya kijani.

Sasa nitubu, kwa sababu hii hasira yangu ilianzia kwangu.

Mwaka jana mamangu alitaka sebule yake ipakwe. Nyumba yake iko Nakuru, ameijenga chumba kwa chumba. Aliniambia, "Nataka kama ile leleshwa ya kule chini." Mimi mtaalamu wa simu nikamwambia, "Mama, hiyo naijua." Nikachagua kwa skrini, nikampigia fundi nikamsomea namba, nikalipa. Sikukanyaga huko. Nikaweka hata video nikishauri watu.

Nilipofika mwisho wa mwezi, sebule ilikuwa imemalizwa safi kabisa, na Mama alikuwa amehamishia kiti chake jikoni. Anakunywa chai huko, anasikiliza redio huko, wageni anawapokea huko huko. Nikauliza kama hajapenda. Akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Umetumia pesa." Jioni ikafika, nikawasha taa, nikaona mwenyewe. Ukuta ulikuwa samawati iliyokufa. Baba alilazwa miezi mitatu kabla atuache, na Mama alikaa kando ya kitanda hiyo miezi yote akitazama ukuta wa rangi hiyo. Nilikuwa nimemrudisha kwa wodi, halafu nikaomba mniwekee mapendeleo.

Kwa hivyo nikisema tuache kuchagua rangi na simu, sisemi kama mwalimu. Nasema kama mtu aliyemfukuza mamake kwa sebule yake.

Niliharibu wapi? Ya kwanza ni skrini. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Ukuta unasubiri kupewa mwanga. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ya pili ni ushauri wa kuazima. Nilikuwa nimesoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini huwa na mwanga baridi. London ni kweli, kwa sababu huko jua la saa sita mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi na Nakuru ziko karibu kukanyaga ikweta. Juni jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Kwetu swali kubwa ni mashariki au magharibi: dirisha lako linapata asubuhi au linapata jioni? La magharibi huongezwa manjano saa kumi na moja jioni, na kijani yenye joto inaweza kugeuka kuwa kama haradali, basi chukua iliyo na kijivu zaidi. Na kama unaishi zile ploti za Pipeline, dirisha lako halitazami mashariki wala magharibi, linatazama ukuta wa jirani. Jirani akipaka machungwa, una machungwa pia. Hakuna mtu wa London atakuambia hiyo.

Ya tatu ni balbu, na hii ndiyo iliniua. Balbu za Mama zilikuwa za 6500K, zile nyeupe kali. Balbu ya hivyo inamwaga samawati kwa kila kitu. Kijani ambayo tayari ni baridi, inazikwa kabisa. Nunua ya 2700K au 3000K, namba iko kwa boksi, kabla hujatukana fundi. Wakati mwingine rangi unayoichukia ni balbu ya shilingi mia mbili.

Na kabla ya kwenda hadiwea, geuka utazame vitu vyako. Si vitu utakavyonunua ukiomoka. Vile viko hapo. Nyumba nyingi za kwetu zina mlango wa mbao iliyopigwa vanishi, sofa za kahawia au maruni, tailo za krimu au sakafu nyekundu. Hao mabwana wa mitandao watakuambia kwanza utupe hizo zote, ununue za kijivu. Usitupe. Kahawia na maruni zina wekundu ndani, na wekundu na kijani ziko ng'ambo moja na nyingine kwa duara la rangi, kwa hivyo kila moja inaipa mwenzake uhai. Kijani ikiwa imetulia hazipigani, zinaongea. Ile mbao uliyokuwa unaona ni ya kizamani itaanza kuonekana ghali. Kitu kimoja tu uwe mkali nacho: dari na fremu zisiwe nyeupe ya karatasi. Nyeupe kali inafanya kijani tulivu ionekane chafu. Weka nyeupe ya maziwa. Pazia ziwe za kitani, mchanga au kahawia, na uache kutafuta mito ya kijani ya kufanana na ukuta. Hatuvai sare nyumbani.

Jaribu kabla ya kulipa. Nunua kopo dogo, paka kadibodi kubwa mikono miwili, usipake moja kwa moja juu ya rangi ya zamani kwa sababu jicho litadanganywa na jirani yake. Ihamishe ukuta hadi ukuta. Itazame asubuhi, itazame mchana, itazame saa moja jioni taa zikiwa zimewaka. Fanya hivyo siku tatu. Na ujue kuta nne zinarushiana rangi, kwa hivyo ikikaa chumba kizima itakuwa na nguvu kuliko kadibodi. Ukishikwa kati ya mbili, chukua iliyofifia zaidi. Omba isiyong'aa. Ukinunua makopo mawili, mwambie fundi ayamwage kwa ndoo moja ayachanganye, na uandike namba ya mchanganyiko mahali hutapoteza.

Najua wimbo unaofuata: "Lakini kijivu na krimu huuzika haraka." Kwani unauza? Unaishi kwa hiyo nyumba ama unamtunzia mtu ambaye hujawahi kukutana naye? Mpangaji ana kisingizio, mwenye nyumba anaweza kumkatia depoziti, basi aulize kwanza na apate jibu kwa maandishi. Lakini wewe mwenye hati yako, uliyejinyima miaka kumi ndiyo ujenge, unaogopa maoni ya mnunuzi ambaye hayuko? Tumefanya nyumba kuwa tangazo. Tunapaka rangi ya picha, kisha tunaenda kukaa jikoni.

Nilirudi Nakuru na kadibodi tano. Tulizizungusha na Mama siku tatu, akizikataa moja moja kama anachagua nyanya sokoni. Ya nne akaiweka karibu na kabati lake la mbao, akanyamaza, akasema, "Hii." Haikuwa ile ningechagua. Ilikuwa na udongo mwingi, kwa simu ilikaa kama matope. Nimejaribu kuipiga picha mara kadhaa na haitokei vizuri, kwa hivyo sitaiweka hapa.

Kiti kimerudi sebuleni. Redio pia.