Msiuze Jina kwa Kangomba

Ndugu zangu wa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Kilambo tunakovukia Ruvuma, hakuna kati yetu asiyeijua kangomba. Mkulima anabanwa na njaa, au mtoto amerudishwa shule kwa ajili ya ada, na mara anatokea mtu na kopo lake. Anapima korosho kwa kipimo anachokijua yeye, pengine ananunua hata zile ambazo bado ni maua mtini. Anaacha fedha kidogo, anaondoka na jasho la mwaka. Serikali imeipiga marufuku na sisi wenyewe tumeilia. Leo nataka kusema juu ya kangomba nyingine, isiyotumia kopo. Hii huja na wanasheria na mikataba, na kinachobebwa ni jina la kazi ya mtu.

Tuanze na jambo lililotokea hapa hapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kiwanda cha bia Moshi, Kibo Breweries, mali ya Kampuni ya Bia ya Afrika Mashariki kutoka Kenya. Kikashindana na Kampuni ya Bia Tanzania (TBL), ambayo tangu 1993 Serikali yetu ilikuwa imeingia ubia ndani yake na kampuni kubwa ya Afrika Kusini. Waafrika Kusini nao walikuwa wamejenga kiwanda chao Thika ili wamsumbue Mkenya nyumbani kwake. Mwaka 2002 wakubwa hao wakachoka kupigana. Wakakaa, wakapatana: wa Afrika Kusini afunge Thika, wa Kenya aache Moshi, na kila mmoja achukue asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake. Kibo ikaingia mikononi mwa TBL, mitambo ya Moshi ikazimwa. Bia yenye jina la kilele cha mlima ikaendelea kuuzwa, ila haikupikwa tena chini ya mlima huo.

Nawaomba mlitazame jambo hili vizuri. Kiwanda hakikufungwa kwa sababu bia yake ilikosa wanywaji. Kilifungwa kwa sababu waliokuwa wakigombania wanywaji wale walikubaliana kutogombana. Fundi wa Moshi na fundi wa Thika walipoteza kazi katika mapatano ambayo hawakuitwa kuyasikiliza. Mnunuzi mkubwa si lazima awe anakitaka kiwanda chako. Pengine anataka kisiwepo, na njia nyepesi ya kukiondoa ni kukinunua.

Wala msidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Huko Chicago, Marekani, bwana mmoja aitwaye John Hall alianzisha mwaka 1988 kiwanda kidogo cha bia, Goose Island. Kikapendwa sana, na moja ya bia zake ikaitwa 312, namba ya simu ya eneo la mji wao, kana kwamba sisi tungeita kinywaji chetu kwa namba ya simu ya Mtwara. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya Anheuser-Busch ikakinunua kwa dola milioni 38.8. Haukupita muda mrefu, ile 312 ikaanza kupikwa katika kiwanda cha kampuni hiyo jimbo la New York, mamia ya maili kutoka mji ambao namba yake imo kwenye chupa. Mnywaji alikuwa akinunua Chicago ya karatasi. Miaka mitano baadaye, kampuni iliyoimiliki Anheuser-Busch ikaimeza hata ile ya Afrika Kusini, na TBL yetu ikiwa tumboni.

Haki inanidai niseme pia upande wa pili. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1980, bia ilivyoadimika, na kreti moja ilivyohitaji kibali na kujuana na mkubwa. Mtaji na ufundi ulioingia mwaka 1993 uliiponya TBL. Tena mwaka 1998 hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Mtanzania wa kawaida akapata mlango wa kuwa mwenye mali. Hata mwaka 2010, Wakenya waliporudi na kununua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, Tume ya Ushindani iliwaambia kwamba hawawezi kumiliki kampuni moja huku wakishika hisa za mshindani wake. Ikabidi wauze zile asilimia 20 za TBL. Hivyo sheria ikitumika, mkubwa huzuilika, na kuuza si dhambi. Dhambi ni kuuza usichojua thamani yake.

Sasa nirudi nyumbani. Msimu wa korosho ukifika, tembea Nanyamba, tembea Tandahimba, utaona chini ya kila mkorosho zulia la mabibo, mekundu na ya manjano, nzi wametanda. Bibo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yake, na vitamini C iliyomo inaishinda ile ya chungwa. Sisi tunang'oa korosho, tunampelekea mwenye ghala, na bibo tunaliacha lioze. Wanaoliokota ni akina mama. Wanalikamua, maji yake yanachachuka haraka, tunapata uraka. Mabibo yenyewe yakianikwa tunapata kochoko ya kutunza. Bibi yangu alisomesha watoto kwa ndoo za uraka, na sikumsikia hata siku moja akiita kazi yake kiwanda. Lakini ilikuwa na malighafi, ufundi, wateja na sifa. Watu walivuka vijiji viwili kuufuata uraka wake na kuupita wa jirani.

Wapo wasomaji wangu, nao ni wengi pwani hii, ambao dini yao imewakataza kileo. Nawaheshimu, na simshawishi mtu anywe. Lakini bibo hilo hilo hutoa juisi, siki na jamu, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wamekuwa wakifundisha usindikaji wake kwa miaka. Wala siitetei nipa, ile pombe ya moshi ambayo sheria imeikataza. Pombe za moshi zisizopimwa zimekwisha kupofusha na kuua watu wengi Afrika Mashariki. Ninachotetea ni haki ya mwenye ujuzi juu ya ujuzi wake.

Kule Goa, India, Mreno aliupeleka mkorosho kama alivyouleta kwetu. Wenyeji wakayakamua mabibo wakapata kinywaji chao, feni. Mwaka 2009 wakakipatia ulinzi wa kisheria: kisichotengenezwa Goa hakiwezi kuitwa feni ya Goa. Atakayeitaka feni, awe tajiri kiasi gani, lazima aende walipo wakamuaji. Mti ni ule ule, Mreno ni yule yule. Wao wameshika jina, sisi tumeliacha chini pamoja na nzi.

Na msijidanganye kwamba wakubwa hawatufikirii. Vukeni Ruvuma mkaangalie. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya bia ya Msumbiji ilitoa bia ya muhogo iitwayo Impala, iliyopikwa Nampula. Kwa kuwa muhogo ukishachimbwa huharibika upesi, walitafuta mashine ya kusindika inayosafirishwa kuwafuata wakulima vijijini. Muhogo huo ni ndugu wa huu tunaoulima Newala. Wakulima wale walipata soko, na ni jambo jema. Lakini jina la Impala ni la kampuni, na mkulima amebaki muuza mihogo. Ikiwa mashine yaweza kumfuata muhogo kwa sababu unaoza haraka, ipo siku itayafuata mabibo.

Siku hiyo itatukuta tumekaaje? Korosho zilitufundisha somo ambalo hatukupaswa kulisahau. Viwanda vikubwa vya kubangulia vilivyojengwa tangu miaka ya 1970 kwa fedha za mikopo vilibinafsishwa, na vingi vikageuzwa maghala. Waliovinunua walitaka kuta na paa. Tukaendelea kuzipakia korosho zikiwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India, huku vijana wetu wakikaa kwenye vibaraza vya majengo yale yale walimofanya kazi mama zao.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vyama vyetu vya ushirika, AMCOS. Mnakusanya korosho, mnatunza vitabu, mnajua kila mkulima ana mikorosho mingapi. Yaingizeni mabibo katika kazi za chama. Wapeni akina mama wakamuaji nafasi ya wanachama kamili, wawe na kura, wasibaki waokotaji wa makombo ya waume zao. Chagueni jina moja, mkalisajili BRELA kama alama ya biashara ya chama, mali ya wote. Anzeni na juisi na siki, mpate alama ya ubora ya TBS, ndipo mfikirie mvinyo na leseni zake. Haya hayahitaji mabilioni. Yanahitaji mkutano, muhtasari na nauli ya mtu mmoja.

Na akija mnunuzi, mkaribisheni, mpeni kiti. Kisha mwulizeni mbele ya wanachama wote: kiwanda kitabaki hapa miaka mingapi, na imeandikwa wapi? Mabibo yatanunuliwa kwa nani? Ukikifunga, jina linarudi kwa nani? Sisi tunabaki na hisa ngapi? Asiyetaka kuyaandika majibu, mwageni kwa heshima. Mkataba usisainiwe siku ile ile, wala usisainiwe na mwenyekiti peke yake, wala usisainiwe mwezi wa njaa.

Tunapenda kusema Mtwara kuchele, yaani kumekucha. Mikorosho itachanua tena, na akina mama watashika ndoo zao kwenda kuokota. Naomba kabla hawajainama, chama kiwe kimekwisha kuwauliza uraka wao unaitwaje.