Megahezi Sio Uwezo: Acheni Kutupa Bodi za 440BX

Kila nikitaja kwamba ninafufua tarakilishi za zamani, kuna mtu ataniuliza: ni ipi yenye nguvu kuliko zote? Na kabla sijafungua mdomo, anajijibu mwenyewe. Pentium 4 ya 3 GHz, kadi kubwa kabisa ya AGP, RAM ya 2 GB, na Windows 98 juu yake. Halafu anatabasamu kama mtu aliyeshinda mnada. Leo nataka kubishana na jibu hilo, kwa sababu linawala watu pesa na linafanya bodi nzuri zipelekwe kwa wanunuzi wa skrapu.

Hebu tuulize kwanza: uwezo wa mashine ya zamani ni nini? Sio mbio. Simu ya bei rahisi iliyo mfukoni mwako inaishinda Pentium 4 yoyote. Ukitaka mbio, nenda ununue laptopu ya mtumba yenye Core i5 na tuachane kwa amani. Sababu pekee ya kuweka mashine ya zamani mezani ni kwamba inafanya mambo ambayo mpya haiwezi: inapokea kadi za zamani, inaendesha DOS moja kwa moja bila mkalimani, inasoma diski ambazo hakuna mtu mwingine anayezisoma. Kwa hiyo kinachopimwa ni upana. Na kwa upana, Pentium 4 ya kawaida ni maskini. Ni mpya mno kwa vitu vya zamani, na ni mzee mno kwa vitu vipya.

Jibu langu mimi ni bodi yenye chipseti ya Intel 440BX, iliyotoka Aprili 1998. Haya, cheka kwanza, kisha endelea kusoma.

Bodi ya BX ya kawaida ina sloti za ISA, sloti za PCI na sloti ya AGP, zote pamoja. ISA ilianza na IBM PC mwaka 1981 ikiwa ya biti 8, ikapanuliwa kuwa biti 16 na PC AT mwaka 1984. Maana yake ni kwamba kwenye bodi moja unaweza kuchomeka kadi iliyoundwa miaka ya themanini, na pembeni yake Voodoo2 ya 1998, na juu yake GeForce2 MX ya 2000. Vizazi vitatu ndani ya sanduku moja. Baada ya hapo mlango ulifungwa: mwongozo wa PC 99, ulioandikwa na Intel pamoja na Microsoft, ulitaka ISA iondoke, na chipseti za i810 na i820 za 1999 zikaja bila ISA yao wenyewe. Watengenezaji wa bodi walioitaka walilazimika kuongeza chipu ya daraja. Zipo pia bodi za viwandani zenye Pentium 4 na ISA, sikatai, lakini bei yake nayo ni ya viwandani.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili si mchezo wa watu wenye nafasi. Kuna karakana moja ya mbao hapa Nairobi, Eneo la Viwandani, yenye mashine ya kukata inayoongozwa na programu ya DOS kupitia kadi ya ISA. Tarakilishi yake ilipokufa, mwenye karakana alikwenda mjini na muuzaji akamwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba atampa "kitu cha nguvu zaidi". Akauziwa Pentium 4 ya ex-UK. Fundi alipoifungua, hakuna ISA. Kadi inabaki mkononi, mashine ya kukata imelala, vijana watano wamekaa kwenye mbao wakipiga gumzo. Muuzaji akakataa kurudisha pesa, kisha akamshauri mzee anunue mashine mpya ya kukata! Kwa kadi yenye ukubwa wa kiganja.

Nilipoitwa niliomba mzee anionyeshe stoo. Chini ya viti vilivyovunjika kulikuwa na Compaq Deskpro EN iliyowahi kufanya kazi ya ofisi, Pentium II. BX. Tuliitoa vumbi, tukabadilisha betri ya CR2032, tukachomeka kadi, na DOS ikawaka.

Lakini programu ikagoma: "Runtime error 200". Hapa ndipo waumini wa megahezi wanapaswa kusikiliza kwa makini. Programu nyingi za miaka ya tisini ziliandikwa kwa Turbo Pascal 7, na kipande chake kinachoitwa CRT hujipima mwendo wa mashine wakati wa kuanza. Kinahesabu mizunguko ndani ya mpigo mmoja wa saa, yaani milisekunde 55 hivi, kisha kinagawanya kwa 55. Mashine ikiwa na kasi mno, jibu halitoshi ndani ya biti 16, prosesa inalia kama vile umegawanya kwa sifuri, na programu inakufa kabla haijachora hata herufi moja. Kwenye Pentium II tayari hutokea. Windows 95 nayo ina ugonjwa wa ukoo huo huo: kwenye prosesa iliyozidi 2.1 GHz, sehemu yake ya mtandao hujipima, inagawanya kwa sifuri, na mfumo hauwaki.

Yaani kasi yenyewe ndiyo iliyoua programu. Kwa hiyo mtu anayesema "weka prosesa kubwa zaidi" anaongezea mgonjwa homa. Dawa ya error 200 ipo, ni kiraka kidogo kinachorekebisha faili ya programu, na ndicho tulichotumia. Kwa programu nyingine unaingia BIOS na kuzima kache, na mashine inatambaa kama 386. Mashine inayoweza kwenda pole pole ukiiamuru ina uwezo zaidi ya ile inayojua kukimbia tu.

Nakiri kwamba mashabiki wa Super Socket 7 wana hoja hapa. Prosesa za AMD K6-2+ na K6-III+ za mwaka 2000 hubadilishwa kizidishi kwa programu tu, bila kugusa bisibisi, na hilo BX hailiwezi kirahisi. Kama kazi yako yote ni michezo ya DOS, wafuate. Mimi AGP ya zile bodi za VIA imenitesa vya kutosha. Na wale wa DOSBox? Kwa michezo nawaunga mkono kabisa, tangu 2002 wamefanya kazi ya kuheshimika. Lakini DOSBox haina mahali pa kuchomeka kadi ya mashine ya mbao.

Haya, umepata BX. Uiboreshe vipi? Karibu kila mtu anaanza na prosesa, nami nasema prosesa iwe ya mwisho. Anza na pawa saplai, kwa sababu ndiyo itakayoua vingine vyote. Ifungue (ikiwa imechomolewa na kupumzika, tafadhali, kapasita kubwa hushika umeme) uangalie kapasita zilizovimba kichwa. Badilisha pawa saplai nzima kama hujui kulehemu. Tahadhari moja: baadhi ya Dell za miaka hiyo zina kichomeo kinachofanana kabisa na cha ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukichomeka saplai ya kawaida unachoma bodi. Huo ni uchokozi mtupu, na sijawahi kuelewa ulimsaidia nani.

Pili, RAM. BX inakubali hadi 1 GB ikiwa bodi ina sloti nne, kwa moduli za 256 MB. Lakini sio 256 MB yoyote. Unataka ile yenye chipu 16, nane kila upande. Ile yenye chipu nane itaonekana kama 128 MB au isionekane kabisa, na muuzaji ataapa kwamba bodi yako ni mbovu. Hesabu chipu kabla ya kutoa pesa. Na kwa Windows 98 usipite 512 MB bila kuweka kikomo cha MaxFileCache kwenye system.ini, la sivyo itakwambia memori imeisha wakati imejaa tele.

Tatu, diski. Zile za zamani zinapiga kelele na zinakufa, basi weka kadi ya CompactFlash kwa adapta ya IDE. Hakuna mpira wala mota, na nakala ya akiba ni suala la dakika chache. BIOS nyingi za Award za wakati huo hukwama kwenye diski zaidi ya 32 GB, kwa hiyo nunua ndogo. DOS itafanya nini na 64 GB?

Prosesa sasa. Pentium III ya Coppermine inayotumia FSB ya 100 MHz inatosha na inabaki, lakini angalia volti: bodi za mwanzo za BX hazishuki chini ya 1.8, na Coppermine nyingi zinataka kama 1.65. Msiwasikilize wanaolazimisha FSB ya 133. BX haina kigawanyo cha kuishusha AGP, kwa hiyo kadi yako itakimbia kwa 89 MHz badala ya 66. Kadi nyingine huvumilia. Kwenye karakana ya mtu, "huvumilia" sio jibu.

Kinachoniuma ni kwamba bodi hizi zilifika nchini kwa maelfu, kwenye makontena ya mtumba, ofisini na mashuleni, na sasa zinauzwa kwa kilo ili zipondwe. Mwenye stoo haoni tofauti kati ya bodi hii na ile. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuingia stoo kama hiyo, hii ndiyo njia ya kuitambua: sloti ndefu nyeusi ni ISA, fupi nyeupe ni PCI, ya kahawia ni AGP. Zikiwa zote tatu, soma maandishi kwenye chipu kubwa iliyo karibu na prosesa. Ikiandikwa FW82443BX, usimwonyeshe muuzaji furaha yako. Uliza bei ya kilo.