EPZ: Mbona mkono unaouma hauhesabiwi?

Jameni, tuseme ukweli. Mtu akidungwa kidole na sindano ya mashine kule viwanda vya nguo vya EPZ Athi River, kila mtu anaona damu. Lakini dada anayeshona kola tangu asubuhi, jioni vidole vimekufa ganzi na shingo haigeuki, huyo anaambiwa ameze dawa ya maumivu na kesho asichelewe.

Hebu tupige hesabu. Tuseme pisi moja ni sekunde 20. Hizo ni pisi 180 kwa saa, 1,440 kwa saa 8. Kwa siku 6 ni 8,640! Na kila pisi ni kubana kitambaa, kusukuma, kugeuza. Wataalamu wa afya ya kazi wamezoea kusema kwamba kazi inayojirudia ndani ya sekunde 30 ina marudio makali. Kano zinazovuta vidole zikikosa kupumzika huvimba na kubana neva pale kwenye kifundo cha mkono. Ganzi inaanzia hapo.

Na si eti sheria hakuna. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, 2007, kifungu cha 76, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kufanyia kazi, vifaa na kazi yenyewe vinamfaa mfanyakazi. Yaani mashine imfuate mtu, siyo mtu ajikunje afuate mashine. Tena inamtaka afanye tathmini ya hatari.

Sasa, tathmini ya kuangalia mitungi ya kuzima moto na milango peke yake haitoshi. Kuna mambo matano ya kupima: marudio, nguvu, mkao, saa za kazi na mapumziko. Kuanza hakutaki mtambo ghali. Saa ya simu, daftari, na kumuuliza mfanyakazi wapi panauma.

Mbona basi mdosi anakwepa? Maoni yangu: jibu litagusa tageti. Kununua viti ni rahisi, kupunguza tageti ni pesa. Atasema anawabadilisha laini. Lakini ukitoka kola ukaenda kushona mfuko, si ni misuli ile ile? Hapo hujapumzika, umehamishwa tu.

Nyinyi mlio kwenye laini, kwenu ni pisi ngapi kwa saa, na mnapumzika dakika ngapi? Andikeni hapo chini. Tumieni jina la kupanga na msitaje kampuni, kibarua kisiote nyasi.